Mwenye Macho Naye Aambiwe Tazama

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Neno hilo ni la kweli pale nyumba inapowaka moto, au nyoka anapokatiza njia. Hapo hapana haja ya mwalimu. Lakini katika mambo yaliyo mengi twathubutu kusema kinyume chake: mwenye macho asipoambiwa tazama, aweza kuishi miaka sitini asione kitu. Mwulize mtu mzima aliyezaliwa na kukulia kijijini, majani ya mwembe ulio nyuma ya nyumba yake huwa na rangi gani yanapochipua. Wengi watajibu upesi kwamba ni ya kijani. Kumbe majani machanga ya mwembe huwa mekundu-mekundu, mfano wa shaba, ndipo baadaye yageuka kuwa ya kijani. Mti huo mtu aliukwea utotoni, matunda yake ameyala kila mwaka, kivulini pake amepumzika mara elfu. Hata hivyo hajapata kuutazama.

Basi leo twapenda kuweka mbele ya wasomaji wetu swali ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana dogo. Je, kutazama vema vitu vilivyotuzunguka ni wajibu wa mtu, ama ni pumbao la watu walioshiba? Na kwa kulikaza zaidi swali hilo: je, ni haki mtu mwenye akili na afya atumie maisha yake kutazama mashamba, miti na mawingu, na kuyachora kwa rangi, hali jirani yake ana njaa? Tusijibu kwa haraka. Tumchukue mtu mmoja aliyefanya hivyo hasa, tuyapime maisha yake, ndipo tuamue.

Mtu huyo ni John Constable, mchoraji Mwingereza, aliyezaliwa tarehe 11 Juni mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, mkoa wa Suffolk, mashariki ya Uingereza. Baba yake, Golding Constable, alikuwa mfanya biashara wa nafaka. Alikuwa na kinu cha maji mahali paitwapo Flatford, kando ya mto Stour, na kingine huko Dedham. Tena alikuwa na kinu cha upepo, na mashua za kuchukulia mizigo mtoni. Alitaka mwanawe airithi kazi hiyo, naye kijana alifanya kazi vinuni muda upatao mwaka mmoja. Kisha, mwaka 1799, baba alikubali, ingawa kwa shingo upande, aende London kusomea uchoraji katika chuo cha Royal Academy.

Yafaa tukumbuke mwaka ule aliokaa vinuni, maana ndio uliomfumbua macho. Mwenye kinu cha upepo hatazami mbingu kwa kujifurahisha. Upepo ukilegea, unga hausagwi. Ukija kwa ghafula na kwa nguvu, mabawa ya kinu yaweza kuvunjika. Hivyo hana budi kuyajua mawingu kama vile mvuvi wa pwani anavyozijua pepo za kusi na kaskazi. Kijana huyo alijifunza kusoma mbingu kwanza kwa ajili ya kazi, ndipo baadaye kwa ajili ya picha.

Huko London alikuta desturi moja iliyokuwa na nguvu nyingi. Wachoraji wengi wa mandhari walijifunza kwa kunakili picha za mabingwa wa zamani, na kwa kuwa picha hizo zilikuwa zimefifia na kuingia rangi ya kahawia kwa uzee na vanishi, wengi waliamini kwamba hata shamba halisi halina budi kuchorwa la kahawia. Mwaka 1802 Constable alimwandikia rafiki yake wa kijijini kwamba kwa muda wa miaka miwili alikuwa akizikimbilia picha za watu wengine, akiutafuta ukweli kwa mkono wa pili. Akaazimia kurudi East Bergholt ili aichore nchi jinsi ilivyo. Mwaka huohuo aliikataa kazi ya kufundisha uchoraji katika chuo cha askari, kazi ambayo ingempa mshahara wa hakika.

Mwandishi wa maisha yake, rafiki yake C. R. Leslie, asimulia kisa kimoja cha kuchekesha. Sir George Beaumont, bwana mkubwa aliyependa sana sanaa, alimshauri Constable kwamba rangi ya picha nzima ingefaa ifanane na rangi ya fidla ya zamani. Constable hakubishana naye. Alichukua fidla ya zamani, akailaza juu ya majani mabichi mbele ya nyumba. Basi. Aliyekuwa na macho aliweza kujionea mwenyewe kama majani na fidla vyafanana.

Hapo ndipo twaona shina la jambo letu. Bwana yule hakuwa mwongo, wala hakuwa mjinga. Alikuwa na macho mazuri na elimu nyingi. Ila alitazama kwa masikio. Aliyaona yale aliyoambiwa kwamba yapo. Nasi je? Mara ngapi twatazama kwa masikio! Twaambiwa kwamba watu wa kabila fulani ni wavivu, twapita mjini kwao, na kila mmoja wao tumwonaye amekaa kitako twamhesabu kuwa shahidi, ila wale mia walio kazini hatuwaoni. Kasoro ya jicho lisemalo majani ni ya kahawia na kasoro ya jicho limhukumulo mtu kabla ya kumtazama ni moja.

Constable aliijua dawa yake, nayo haikuwa tamu. Ilikuwa ni kutoka nje, kukaa mahali pamoja, na kutazama kwa saa nyingi kila siku. Picha yake moja yaonyesha mashua ya mizigo ikiundwa katika gudi la baba yake karibu na kinu cha Flatford. Aliionyesha watu mwaka 1815. Leslie aeleza kwamba picha hiyo ilichorwa yote palepale, nje. Ndani yake twaona mbao zilizokwisha kupindwa, zana za mafundi, na chombo ambacho bado hakijagusa maji. Waswahili wasema, usione vyaelea, vimeundwa. Yeye hakutaka kuchora kinachoelea tu. Alitaka watu waone jinsi kilivyoundwa.

Tena katika miaka ya 1821 na 1822, akiwa amekaa na jamaa yake huko Hampstead, mahali pa juu penye upepo karibu na London, alichora makumi ya picha ndogo za mbingu tupu kwa rangi ya mafuta juu ya karatasi. Nyingi hazina nyumba, wala mtu, wala mti. Ni mawingu tu. Alifanya haraka, maana wingu halimngoji mtu. Nyuma ya karatasi aliandika tarehe, saa, upande upepo utokako, na hali ya hewa ilivyokuwa. Hata leo mtu aweza kuichukua karatasi mojawapo akasoma habari za mchana mmoja wa miaka mia mbili iliyopita.

Mbona taabu yote hiyo kwa ajili ya mawingu? Aliona kwamba mbingu ndiyo itoayo mwanga juu ya kila kitu kilicho chini, na kwamba mchoraji akizidanganya mbingu, na shamba lake litakuwa la uongo. Mchoraji mwingine angeweza kuweka wingu lolote juu ya shamba lolote, kama mtu awekaye kofia kichwani. Yeye alisema sivyo: wingu hili ndilo lililotupa kivuli hiki juu ya maji haya, saa hii na si nyingine. Huo twauita uaminifu. Wala si uaminifu mdogo, kwa kuwa hapana mtu ambaye angemkamata kwa kulisingizia wingu.

Pana ushahidi mwingine ambao wasomaji wetu huenda wakaustaajabia. Constable alichora pia picha tatu za kuwekwa altareni, kwa ajili ya makanisa ya Kianglikana ya upande wa kwao: moja ya Brantham mwaka 1805, ya pili ya Nayland mwaka 1810, na ya tatu, ya Kupaa Mbinguni, ya Manningtree, mnamo mwaka 1822. Kwa jambo lake picha hizo ni takatifu kupita zile za vinu na mashua. Hata hivyo wajuzi kwa jumla huzihesabu kuwa hafifu, wala si vigumu kuona sababu. Humo alifuata mifano ya wachoraji wengine. Mambo hayo hakuyachungua kwa jicho lake mwenyewe kama alivyouchungua mto Stour. Somo hili latufaa sisi tulio watu wa dini: utakatifu wa jambo hauifanyi kazi mbovu kuwa njema. Afadhali kinu kilichochorwa kwa kweli kuliko malaika aliyenakiliwa.

Sasa tuje kwenye picha yake iliyo mashuhuri kupita zote. Jina lake ni The Hay Wain, yaani gari la kuchukulia majani makavu. Ilionyeshwa London mwaka 1821. Upana wake ni sentimita 185, na kimo chake sentimita 130. Katika picha hiyo gari tupu lavuka mto mahali penye kina kifupi, likikokotwa na farasi. Kushoto ni nyumba ya mkulima aliyeitwa Willy Lott. Mbwa amesimama ukingoni. Mwanamke yuko kwenye maji. Na mbali, ng'ambo ya mto, wakata majani wako kazini shambani. Hapana mfalme, hapana vita, hapana muujiza. Desturi ya wakati ule ilikuwa kwamba kitambaa kikubwa cha namna hiyo ni cha mashujaa na mambo makuu. Constable alilipa gari la shamba heshima iliyowekewa majemadari.

London picha haikupata mnunuzi katika maonyesho yale. Baadaye ilinunuliwa na mfanya biashara aliyeipeleka Paris, na mwaka 1824 mfalme Charles X wa Ufaransa aliitunuku medali ya dhahabu. Nyumbani kwao Constable aliuza picha chache tu, na mpaka mwaka 1829, akiwa na umri wa miaka 52, ndipo wenzake walipomchagua kuwa mshiriki kamili wa Royal Academy. Mke wake Maria, aliyemzalia watoto saba, alikuwa amekwisha kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1828. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 31 Machi 1837.

Hadi hapa tumemsifu. Lakini haki yataka tumsikilize na yule aliyeuliza juu ya njaa, maana swali lake si la kupuuzwa.

Vita vya Napoleon vilikoma mwaka 1815. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuizuia ngano ya nchi za nje isiingie sokoni mpaka bei ya ngano ya nyumbani ifikie shilingi 80 kwa kipimo chao kiitwacho quarter. Wenye mashamba walilindwa. Kibarua aliyenunua mkate aliumia. Mwaka 1816 vibarua wa mikoa ya mashariki waliinuka wakidai chakula na ujira, na katika mji wa Ely watu watano walinyongwa kwa ajili ya ghasia hizo. Mwaka 1822 machafuko yalizuka tena katika Suffolk na Norfolk, vibarua wakazivunja mashine za kupura nafaka zilizowanyang'anya kazi ya majira ya baridi. Katikati ya miaka hiyo miwili, yaani mwaka 1821, ndipo lilipoonyeshwa gari lile la majani, likivuka mto kwa amani.

Itazameni tena picha ile. Mkate wa nchi watoka kwa wale walio ng'ambo ya mto. Nao, katika kitambaa chenye upana wa karibu mita mbili, ni vitone vidogo vyeupe. Nyuso zao hazionekani. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, wasema wahenga. Na hapa mkulima huyo mmoja amewekwa mbali hata hatujui kama ameshiba. Constable alikuwa mwana wa mfanya biashara ya nafaka, na katika siasa aliyaogopa mabadiliko. Jicho lililohesabu mawingu kwa saa na dakika halikumkaribia mtu yule aliyeinama juani chini ya mawingu hayo.

Basi tumhukumu? Wengine wamefanya hivyo, wakasema kwamba uzuri wa picha zake ni pazia lililofunika taabu. Sisi hatufiki huko. Mtu aliyefundisha kizazi kizima kutazama bila uongo hakuwaibia maskini kitu. Lakini pia hatukubaliani na wale wasemao kwamba sanaa haina deni kwa mtu yeyote. Twaona hivi: kutazama kwa kweli ni mwanzo wa haki, bali si mwisho wake. Ni mwanzo, kwa sababu hapana awezaye kumtendea haki mtu asiyemwona. Mwalimu amwadhibu mtoto anayesinzia darasani. Laiti angemtazama kwa muda wa dakika moja, angeona vumbi la kilomita sita miguuni pake, na midomo isiyoguswa na chakula tangu jana. Mwalimu huyo hakukosa moyo wa huruma; alikosa jicho. Wala si mwisho, kwa sababu jicho lililojifunza kuona kweli katika wingu lina wajibu wa kuendelea hadi kwa mtu aliye chini ya wingu hilo.

Kwamba jambo hilo lawezekana, tunaye shahidi wa hapa kwetu. Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, katika miteremko ya Kilimanjaro. Alisoma Makerere, akafundisha huko, na katika miaka ya 1950 alikwenda kusoma chuo cha Slade katika London, mji uleule ambamo gari la majani la Constable limetundikwa katika jumba la National Gallery tangu mwaka 1886. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, alikuwa balozi wake wa kwanza nchini Uingereza. Alifariki mwaka 1993. Picha moja aliyoichora mwaka 1956, yenye kuonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imehifadhiwa katika jumba la Museum of Modern Art mjini New York.

Ntiro hakupima mawingu kama Constable. Vilima na migomba yake vimepangwa kwa kumbukumbu ya mtu aliyekulia humo, wala si kwa saa na upande wa upepo. Lakini katika picha zake watu wamo: walima, wavuna, wachukua mizigo, wakusanyika arusini. Mlima haukuwekwa ili uwafunike. Umewekwa kuwa kwao. Mmoja alitufundisha kuitazama nchi. Mwingine alitukumbusha kwamba nchi ina wenyewe. Aliye na hekima atawasikiliza wote wawili.

Yuko bado mtu atakayesema: hayo yote ni mazuri, lakini yatuletea faida gani? Tumjibu kwa jambo linaloonekana. Kinu cha Flatford kimo mikononi mwa chama cha National Trust tangu mwaka 1943, na mwaka 1970 bonde lote la Dedham liliwekwa chini ya ulinzi wa sheria kwa ajili ya uzuri wake. Nyumba ya Willy Lott ingali imesimama. Watu waliilinda nchi ile kwa sababu mmoja wao aliwafundisha kuiona. Miti mirefu iitwayo elm, aliyoichora kwa upendo mwingi, ilikufa karibu yote kwa ugonjwa tangu miaka ya 1970. Leo mtu akitaka kujua ilivyosimama kando ya mto ule, hana budi kuziendea picha zake. Lakini kisichotazamwa hakiliwi na kuliliwa. Ni mara ngapi tumekata mti wa miaka mia kwa ajili ya magunia mawili ya mkaa, wala hapana mtu kijijini aliyeweza kueleza siku ya pili yake mti ule ulikuwaje!

Kwa hiyo twawasihi wazazi: mtoto akichora mti kwa mkaa ukutani, msianze kwa kumwuliza picha hiyo itamlisha nini. Mwulizeni kama ndivyo mti ulivyo, kisha mtoke naye nje mkahakikishe. Atakayezoea kusema kweli juu ya tawi hataona vigumu kusema kweli juu ya mwenzake. Twawaomba na walimu wawatoe watoto madarasani mara mojamoja, wachague kilima kimoja, wakichore asubuhi na wakichore jioni, ili wajionee kwamba kilima ni kilekile, ila mwanga umekibadilisha.

Na kila msomaji wetu, awe wa mjini au wa shamba, achague mti mmoja au sehemu moja ya nchi aipitayo kila siku, aitazame kwa muda wa juma moja kana kwamba atatakiwa kuitolea ushahidi barazani. Akiisha kuyajua majani yake na kivuli chake, asigeuke bado. Amtazame na yule anayepalilia chini yake. Ajue jina lake. Aulize hupewa ujira gani, na kama unamtosha. Mwenye macho na aambiwe tazama. Na akishaambiwa, macho yake yasiishie mawinguni.